Ukuta wa Kamba wa Fundi Yonasi Silavwe

Leo Jumamosi, tarehe 30 Novemba 1957, Fundi Yonasi Silavwe anaweka chini mkasi wa misheni baada ya kuushika miaka thelathini na moja na miezi saba. Aliajiriwa Jumatatu ya tarehe 3 Mei 1926, na tangu siku hiyo hakuna mwalimu, dereva, mhubiri, mpishi wala mwuguzi wa hapa aliyevaa sare isiyopita mikononi mwake. Ninayeandika wasifu huu ni Mika Nzunda, karani wa stoo. Stoo yangu na karakana yake ya ushonaji zimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, nami nimeisikia cherehani yake kwa miaka ishirini na minane, hata siku za sikukuu ikinyamaza huwa napata shida kufikiri. Kamati iliniagiza niandike ukurasa mmoja. Kamati inisamehe.

Fundi alizaliwa Kamsamba, kule bondeni kwenye joto, mpunga na ng'ombe. Baba yake alikuwa mfugaji, na kila kiangazi alikuwa na desturi ya kuwapima madume wake kifuani kwa kamba ya gome la mti, ili ajue nani amenenepa na nani malisho hayamfai. Kushona Yonasi alifundishwa na mjomba wake upande wa pili wa mpaka, huko Rhodesia ya Kaskazini, na ndiko alikotoka na lile neno lake, "mukwai", ambalo wenzetu wa huko humwita mtu wanayemheshimu. Alipanda huku milimani kwa miguu, mkasi wake ameuviringisha katika kipande cha amerikani, na alipofika getini aliulizwa anataka kazi gani. Alijibu kwamba anataka kazi ya kushona, na kwamba suruali aliyovaa mlinzi wa geti ilikuwa aibu kwa misheni. Akaajiriwa siku hiyohiyo.

Kwanza alipewa cherehani ya mkono na futi moja ya kitambaa ya kupimia. Cherehani ilidumu. Futi ililiwa na mchwa kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, na nyingine ilikuwa mpaka iagizwe Mbeya. Fundi hakuwa mtu wa kukaa bure akisubiri. Alikwenda porini, akabandua magome, akasokota kamba nyembamba, na akaanza kutupima kama baba yake alivyopima ng'ombe. Kila mtu alikatwa kamba yake sawasawa na kiuno chake, ikafungwa kipande cha kitambaa cha sare yake ya kwanza ili ijulikane ni ya nani, ikatundikwa kwenye msumari wake ukutani. Mwalimu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, alipojua asili ya kipimo hicho alisusa akavaa shuka siku tatu. Siku ya nne alirudi, maana darasa lilikuwa halimsikilizi.

Futi mpya ilikuja mwaka uliofuata, na nyingine nyingi baada yake. Fundi alizitumia kwa mikono na miguu, lakini kiuno alikipima kwa kamba hadi juzi. Na hapa ndipo ninapotaka wasomaji watulie kidogo, kwa sababu jambo ninalolisimulia si la suruali. Kila Julai, sare mpya zilipotolewa, alikata kamba mpya kwa kila mtu. Ile ya zamani hakuitupa. Aliifunga pamoja na mpya kwenye msumari uleule, na mwaka uliofuata akaongeza nyingine. Mwaka hadi mwaka misumari ikabeba vicha. Ungesimama mbele ya ukuta ule wiki mbili zilizopita ungeona watu arobaini na wawili wakining'inia hapo, kila mmoja na miaka yake yote, kuanzia alipokuja akiwa mwembamba mpaka alivyo leo. Nimesimama mbele ya milima na mbele ya wakubwa wa serikali, lakini hakuna kilichowahi kunifanya nivue kofia bila kuambiwa isipokuwa ukuta ule.

Ili muelewe zile kamba zinasema nini, sharti niwaeleze stoo. Nilipoanza kazi mwaka 1929 nilikabidhiwa gunia moja la sukari, na lilitoka Pasaka likafika Krismasi. Sukari ilikuwa ya wagonjwa na ya wageni wa Mzungu. Samli ilikuwa debe moja, nalo lilikaa mpaka likaingia harufu. Sisi wenyewe tulikula ugali wa ulezi, maharage na mboga za majani, na aliyetaka kitu kitamu alitafuta asali au akatafuna muwa. Nyama ilikuwa ya harusi na ya msiba. Kutoka hapa hadi Isansa tulikwenda kwa miguu na kurudi siku ileile, na hakuna aliyeona kwamba amefanya kazi.

Miaka ile kamba zilikuwa fupi, na mwaka mvua zilipokataa zikawa fupi zaidi. Fundi aliniambia kwamba Julai ya mwaka ule alimpima kila mtu mara mbili kabla ya kukata. Kwa hiyo mambo yalipogeuka na kamba zikaanza kurefuka, alifurahi kupita wote. Alikuwa akimwita mtu amuoneshe: mwaka juzi ulikuwa hapa, sasa uko hapa, umeshakuwa mtu. Nami nakiri kwamba nilikuwa naingia karakana bila shida yoyote ya nguo, ili tu nioneshwe nimekuwa mtu kiasi gani.

Lori la kwanza la misheni lilikuja mwaka 1934, na pamoja nalo dereva wake, Gwakisa, mtu wa Tukuyu, mchangamfu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya nzima peke yake. Kwa lori hilo sukari ilikuja kwa magunia. Ilitoka reli ya kati, ilitoka pia Tunduma kwa wafanyabiashara wa mpakani. Vita vikaja vikaikausha, tukarudi kunywa chai chungu na kununa. Lakini vita vilipokwisha vijana wetu walirudi kutoka jeshini na mazoea mapya: maziwa matamu ya kopo, mkate uliopakwa mafuta, chai mara tatu kwa siku, na kila kikombe vijiko vinne. Maandazi ya kukaangwa yakaanza kuuzwa getini. Mafuta ya kupikia yakaja katika makopo. Mwaka 1950 gunia moja la sukari nililifungua Jumatatu na Jumamosi nikalikung'uta. Idadi ya watumishi ilikuwa imeongezeka, ndiyo, lakini haikuongezeka hivyo. Na kutembea kwa miguu tulikuwa tumekupunguza tangu lori lije, maana Gwakisa hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake njiani.

Mimi niliyatoa magunia hayo kwa mkono wangu mwenyewe na sikuona kitu. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, Fundi Yonasi alikuwa akikata kamba.

Sasa niseme juu ya adabu yake, kwa sababu ndiyo iliyokuja kumuumiza. Huku kwetu mtu mzima haambiwi kwamba nguo imembana. Ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo Fundi alikuwa akiacha akiba ya kitambaa cha vidole vinne ndani ya mshono wa nyuma wa kila suruali. Mtu alipoleta suruali ashonewe kifungo, Fundi aliitazama, akaufumua mshono kimyakimya, akaipanua kidogo, akarudisha kifungo na suruali bila neno. Tukaenda zetu tukijisifu. Nakumbuka nikimwambia mke wangu Ketrina, mbele ya wageni, kwamba suruali niliyoivaa ni ya miaka mitano na bado inanikaa kama siku ya kwanza. Fundi alikuwa mmoja wa wageni hao. Aliendelea kunywa chai yake.

Kamba ya Gwakisa ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilirefuka kila mwaka tangu lori lije, na yeye aliifanyia mzaha, akaiita mkia wa lori. Kisha Julai ya 1946 ikapungua. Ilipungua vidole vitano kwa mwaka mmoja. Fundi alizipunguza suruali zake kwa furaha, akamwambia, "Mukwai, umerudi ujanani." Sisi sote tulimpongeza. Kwamba alikuwa akinywa mtungi mzima wa maji njiani kabla hajafika Tunduma, tulisema ni joto la injini. Kwamba sisimizi walikuwa wakijaa kwenye majani nyuma ya gereji pale alipozoea kujisaidia, vijana walicheka wakasema dereva wetu ni mtamu. Halafu kikaja kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kidonda cha kiatu tu, kikakataa kupona. Gwakisa alizikwa wakati wa masika, Aprili 1947. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na mkewe Enesi alibaki na watoto wawili.

Baada ya mazishi daktari wa hospitali yetu alitueleza kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa sukari, kwamba mwili ulikuwa umeshindwa kuitumia sukari ukaimwaga nje kwa mkojo, na kwamba dalili zake ni kiu, sisimizi na kukonda ghafla kwa mtu aliyekuwa mnene. Tuliondoka tukitikisa vichwa. Fundi hakuondoka. Alimwomba daktari arudie neno la kukonda. Kisha alikwenda karakana, akazishusha kamba za Gwakisa, akazilaza mezani moja moja, na Enesi ameniambia kwamba alipopita asubuhi alimkuta bado amekaa mbele ya kamba hizo. Alimwambia mjane yule maneno ambayo sijamsikia mtumishi mwingine akiyasema kwa mtu yeyote hapa misheni. Alimwambia, "Mimi niliiona. Nilikuwa nayo mkononi nikaipunguza suruali."

Mwaka uliofuata alimwombea Enesi kazi ya kushona vifungo na matundu yake, na mpaka leo Enesi yuko mezani pale karibu na dirisha. Na tangu wiki ile ya Aprili, Fundi hakuficha tena mshono wa mtu. Alipopanua suruali aliishona kwa uzi mwekundu upande wa ndani, mahali mwenye suruali angeuona kila anapovaa. Mistari miwili, mitatu, minne. Akakuita pia mbele ya msumari wako, akakushikisha kamba yako ya kwanza kwa mkono mmoja na ya mwisho kwa mkono mwingine. Hakumwambia mtu ale nini wala aache nini. Alisema yeye ni fundi cherehani.

Watu walikasirika. Niseme ukweli, mimi ndiye niliyekasirika kuliko wote. Nilikuwa na mistari mitano myekundu kiunoni na kitambi ambacho wadogo zangu walikionea fahari, na mtu ambaye hata Kiswahili chake kilikuwa bado na harufu ya Kinyamwanga ananisimamisha mbele ya ukuta kama mtoto wa darasa la kwanza. Miezi miwili sikumjibu salamu. Akisema "Mwagona" asubuhi mimi natafuta funguo mfukoni. Oda yake ya nyuzi niliichelewesha wiki tatu, na kila alipoiulizia nilimwambia lori halijafika, wakati lori liko uwanjani na yeye analiona. Hakunishitaki kwa mtu.

Sasa nafika mwaka 1951, na naomba akina mama wanaosoma haya wanisamehe kwa jinsi nitakavyoonekana. Mwezi wa Agosti niligundua kwamba suruali zangu zimekuwa kubwa. Nilifurahi sana. Niliona kwamba hatimaye nimemshinda Fundi bila hata kujaribu. Nilikuwa na kiu, lakini stoo ina vumbi. Nilikuwa naamka kwenda nje mara nne, lakini nilikuwa nakunywa maji mengi. Na sisimizi walikuwa wakipita choo changu kwa mstari, nami nikajieleza, kwa akili zangu zote za ukarani, kwamba wananifuata kwa sababu ya sukari inayonimwagikia stoo. Nilimwambia hata Ketrina akung'ute nguo zangu vizuri zaidi kabla ya kufua.

Nilikwenda karakana na suruali mbili mkononi na ya tatu mwilini. Nilijificha nyuma ya pazia, nikaivua nikampa zote tatu, nikamwambia azipunguze haraka, mimi nasubiri. Fundi alikata kamba, akainyoosha karibu na ile ya Julai. Sikusikia cherehani. Nilipochungulia nilimwona amezikunja suruali zangu vizuri, ameziweka juu ya kiti chake na amezikalia. Enesi alikuwa ameacha sindano. Fundi akaniambia, bila kunitazama usoni, "Hizi sizipunguzi, mukwai. Nenda kwa Ferista kwanza." Nilimkumbusha cheo changu. Nilimkumbusha kwamba nimesimama na shati tu. Akavuta shuka moja la bweni lililokuwa limeletwa kuzibwa tundu, akanirushia juu ya pazia.

Hivyo ndivyo karani wa stoo alivyokatiza uwanja wa shule ya wasichana saa nne asubuhi amejifunga shuka lenye tundu, na wale waliokuwa darasani siku ile leo ni akina mama, na hawajasahau. Ferista, ambaye wakati ule alikuwa mwuguzi kijana mwenye haya, hakucheka. Alichukua mkojo wangu kidogo, akaudondoshea kwenye bomba la kioo lenye dawa ya buluu ambayo sukari huigeuza rangi, akaliweka juu ya moto. Nilisimama nikitazama. Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Njano haikusimama, ikaendelea mpaka ikawa rangi ya tofali. Ferista akazima moto akaenda kumwita daktari, nami nikabaki peke yangu na lile bomba, nikamkumbuka Gwakisa. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile kabla wala baada ya siku ile.

Daktari aliniambia kwamba nimewahi. Angeniona baada ya miezi sita, alisema, huenda angezungumza na Ketrina badala yangu. Yaliyofuata ni ya mtu yeyote mwenye ugonjwa huu: sukari ikatoka nyumbani kwangu, mafuta yakapimwa kwa kijiko, ulezi na maharage vikarudi mezani, nami nikarudi kutembea kwa miguu hadi Isansa nikinung'unika njia nzima. Lakini kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla sijafungua stoo, Fundi alinipima kiuno. Miaka sita. Hakukosa hata mwezi aliofiwa na mama yake. Alinipima ndipo akapanda gari kwenda Kamsamba. Suruali zangu zote sasa zina uzi mwekundu wa zamani, na juu yake mshono wa uzi wa kaki alioushona baada ya daktari kusema sasa anaweza kuzipunguza. Mimi ni mzima. Ninayeandika haya ni mtu ambaye kwa hesabu ya daktari hakutakiwa kuwepo hapa.

Baada yangu waliokolewa wengine watatu, na kwa kuwa wao hawakuniruhusu kuwataja, sitawataja, ingawa wanajijua. Habari zikatembea. Mwaka juzi alikuja daktari mgeni aliyekuwa akizunguka jimboni kuuliza watu wanakula nini. Aliletwa karakana kwa dakika tano. Alikaa mpaka saa sita. Aliomba aruhusiwe kushika kicha kimoja kimoja, akazinyoosha kamba sakafuni kutoka 1926 hadi mwaka ule, na zilipokaa sakafuni kwa mpangilio zikaonekana kama mteremko wa mlima unaopanda taratibu. Alitaka pia kamba za watoto wa shule, ambazo Fundi alizitunza sandukuni. Fundi akamwonesha: darasa la kwanza la 1932 na darasa la kwanza la 1955, na miongoni mwa wale wa pili, watoto wa madereva na wa makarani, wangu wakiwemo, kamba zao zimewapita wenzao kwa vidole vitatu. Yule daktari alikaa chini sakafuni. Alisema kwamba amesoma vitabu vingi vya habari hizi lakini hajawahi kuzishika mkononi. Fundi aliona haya, akamwuliza kama kifungo cha koti lake angependa kikazwe.

Ni wajibu wangu kutaja na mafanikio mengine, maana kamati itayatafuta. Amefundisha mafundi kumi na tisa, wanane kati yao wana karakana zao kuanzia Isongole hadi Tunduma. Alishona mapazia ya kanisa yanayotumika hadi leo. Hakuwahi kuchelewa kazini, isipokuwa siku moja ya 1938 alipokuta nyuki kwenye cherehani. Yeye na mkewe Nesta wamelea watoto sita, na Nesta ndiye mtu pekee aliyewahi kumwambia Fundi kwamba mshono wake umepinda, na ulikuwa umepinda.

Mwanzoni mwa mwezi huu kamati iliamua kumpa zawadi ya koti na suruali, vishonwe na Luka, kijana wake wa mwisho kumfundisha, ambaye anachukua nafasi yake. Ikaonekana kwamba hakuna anayejua kiuno cha Fundi. Ukuta mzima ule, na yeye hana msumari. Nikatumwa mimi. Alikataa, akasema koti ni ghali, akasema yeye ana nguo. Mwishowe aliinua mikono, nami nikamzungushia kamba niliyoisokota mwenyewe, vibaya. Kisha, kwa mazoea aliyonifundisha, niliilinganisha na kiuno cha suruali yake ya kazi aliyojishonea miaka mingi nyuma. Suruali ile ilikuwa imekunjwa ndani na kubanwa kwa pini mbili. Kamba ilikuwa fupi kuliko suruali kwa vidole vitano. Pembeni ya cherehani kulikuwa na mtungi wa maji, umebaki nusu, na ilikuwa bado saa tatu.

Nilikichukua kitambaa cha koti mikononi mwa Luka, nikakikunja, nikakiweka kwenye kiti na kukikalia. Nikamwambia, "Hiki hakikatwi, mukwai. Nenda kwa Ferista kwanza." Alicheka. Akamtazama Enesi ili wacheke wote. Enesi hakuwa anacheka. Alinyanyuka kutoka dirishani kwake, akachukua kofia ya Fundi msumarini, akamvika kichwani kwa mikono yote miwili, akaenda kumfungulia mlango.

Tulikwenda naye wote, karakana ikabaki wazi na stoo nayo wazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya na ninaomba mkuu wa misheni alisome haraka. Ferista sasa ni mwuguzi mkuu na hana haya tena. Alitaka tutoke, hatukutoka. Bomba likawekwa motoni. Nilijua rangi zote zinavyofuatana, nikawa nazisubiri moja baada ya nyingine, na Enesi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaingia. Dawa ikachemka. Ilikuwa buluu. Ferista akaiacha ichemke zaidi. Ikabaki buluu. Akarudia na bomba la pili, na la pili likabaki buluu vilevile. Ikajulikana kwamba tangu Juni Fundi amekuwa akishuka Kamsamba kila mapumziko kujijengea nyumba, anakanyaga udongo wa matofali yeye mwenyewe akiwa na miaka hamsini na minane, na amekonda kwa kazi. Nesta alisema alikuwa amemwambia. Enesi alikwenda nyuma ya hospitali akalia, na aliporudi alikuwa mwenye furaha kuliko sote.

Jumamosi iliyopita Fundi alituita mmoja mmoja, akamkabidhi kila mtu kicha chake. Changu kina kamba ishirini na tisa. Zinapanda, zinaanguka ghafla, na tangu hapo sita za mwisho ziko sawasawa, unaweza kuzifunga pamoja zikawa kama moja. Kicha cha Gwakisa alimpa Enesi. Enesi alitafuta kamba ya kwanza, ile ya 1934, akaizungusha mikononi mwake mpaka ncha zikakutana, akabaki ameishika hivyo, kwa ukubwa wa mume aliyemwoa.

Fundi Yonasi, ukuta wako sasa ni mtupu na Luka ameupaka chokaa. Kwa niaba ya watumishi wote na familia zao nakushukuru, na kwa niaba yangu mwenyewe nakushukuru kwa lile shuka lenye tundu. Koti limekukaa vizuri. Luka ameacha akiba ya vidole vinne mshononi, na uzi mwekundu tumekuwekea mfukoni. Uishi vyema huko bondeni wewe na mama Nesta, mle mpunga wenu mpya, mlale bila kengele. Kwenye ule msumari wa kwanza kabisa, karibu na mlango, tumetundika kamba moja tu, ile niliyoisokota vibaya. Mwezi wa saba, mpunga ukishavunwa, mimi, Enesi na Ferista tutapanda lori kuja Kamsamba. Utatupikia chai isiyo na sukari, nasi tutakupima.